Niliitwa kukaimu usharika kwa miezi sita, sasa wananiomba nisiondoke

BARUA YA MSOMAJI

Bwana Yesu asifiwe, Dada Mshauri.

Mimi ni mchungaji mstaafu wa Kilutheri, naishi huku mlimani Kilimanjaro. Nimetumika tangu ujana wangu. Nilianza uinjilisti, nikapelekwa chuo, nikabarikiwa uchungaji, nikahamishwa huku na huko kama wachungaji wote wanavyohamishwa. Kuna watoto niliowabatiza, nikawapa kipaimara, nikawafungisha ndoa, na wengine nimewazika. Nilipostaafu niliagwa vizuri, nikarudi kwenye kihamba changu, shamba la nyumbani, ili mimi na mama watoto tuangalie kahawa na migomba yetu.

Haukupita muda mrefu Mkuu wa Jimbo akanipigia simu. Mchungaji wa usharika ninaosali, huu huu ambao nyumba yangu imo ndani ya mipaka yake, alikuwa amehamishwa ghafla kwa sababu ya ugomvi wa pesa za mabati ya kanisa jipya. Akaniomba nikaimu kwa miezi sita mpaka apatikane mchungaji mwingine. Nikakubali. Sasa ni mwaka wa pili.

Nilikuta watu wamegawanyika hasa. Kulikuwa na upande wa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na upande wa mhazini, na kila upande ulikuwa na mabenchi yake kanisani. Jumapili yangu ya kwanza, kwenye mnada baada ya ibada, jogoo mmoja mwekundu aliyeletwa na bibi mjane kama sadaka yake alipandishwa bei mpaka akafikia bei ya mbuzi, kwa sababu wazee wawili wa pande hizo walikuwa wanazidishiana na hakuna aliyekubali kushindwa. Watu walipiga makofi. Yule bibi hakupiga, alikuwa anatazama chini. Nikasema moyoni, hapa kuna kazi.

Namshukuru Mungu, hali imebadilika. Nimezunguka jumuiya zote, nimekaa na familia moja moja, nimewapelekea Meza ya Bwana wagonjwa waliokuwa wamesahaulika. Waliokuwa hawasalimiani sasa wanasalimiana. Kwaya zilizokuwa zimegawanyika zinaimba pamoja. Bahasha za ahadi zimeanza kurudi.

Lakini kuna mambo matatu yananinyima usingizi.

La kwanza ni taarifa ya ukaguzi. Nilimwomba mkaguzi wa dayosisi apitie hesabu za ujenzi. Alikuja, akafanya kazi yake, akaniachia taarifa. Hakukuta wizi. Alichokuta ni kwamba fedha walizotoa watu kwa ajili ya mabati zilitumika kulipa deni la msingi na ukuta, bila muhtasari wowote wa Baraza la Wazee unaoruhusu, na baadhi ya risiti hazionekani. Taarifa hiyo iko kabatini kwangu tangu wakati huo. Sijaisoma popote. Naogopa kuamsha moto uliolala, na nimekuwa nikifikiri nimwachie mchungaji ajaye.

La pili, mchungaji ajaye amepatikana. Mkuu wa Jimbo amenidokeza kwamba ni mama, bado kijana, ana miaka michache tangu abarikiwe. Habari zilivuja. Muda si mrefu katibu wa usharika akaniletea barua yenye kurasa kadhaa za saini, ya kwenda kwa Askofu, wakiomba mimi nibaki kuwa mchungaji wao mpaka nguvu zitakapoisha. Wengi waliosaini wananipenda tu, najua. Lakini wazee wawili watatu wameniambia wazi kwamba hawako tayari mzee wa ukoo azikwe na mchungaji mwanamke. Mimi mwenyewe sina tatizo na wachungaji wanawake, nimefanya kazi nao. Barua hiyo bado haijapelekwa. Wananisubiri nitamke neno.

La tatu ni nyumbani. Mama watoto amekuwa mvumilivu, ila juzi aliniambia, "Umestaafu mshahara, hujastaafu kazi." Kahawa imeingia magugu. Nami nikiwa mkweli, Dada, napenda kuitwa. Simu ikilia usiku kwamba fulani amezidiwa, nainuka kama kijana. Baada ya kustaafu nilikaa majuma kadhaa simu haikulia, na sikuwa nimejua ukimya huo utaniuma namna ile.

Naomba unishauri. Nikubali kubaki? Taarifa niisome au nimwachie mwenzangu? Na nikikabidhi, mimi ninayeishi hapa hapa nitasali wapi? Maana najua kabisa kwamba msiba wa kwanza ukitokea, watakuja kugonga kwangu.

Kaimu, Kilimanjaro


JIBU

Shikamoo Baba Mchungaji. Amina, na asifiwe milele.

Usikubali kubaki. Nakujibu hilo mapema ili usisome barua yote hii ukiwa na mashaka, halafu nikueleze kwa nini, maana sababu yangu haihusu umri wako, wala hata haki ya huyo mama anayekuja, ingawa hiyo nayo ipo.

Naomba tuanzie kabatini, kwenye ile taarifa. Mtu aliyeingia katika usharika unaogombana, akaona wazee wawili wanapigania jogoo wa mjane, akathubutu kuita mkaguzi, mtu huyo hana woga. Ulipomwita mkaguzi ulikuwa bado mpita njia. Hukuwa na cha kupoteza pale, na ndiyo maana uliweza. Kisha watu wakaanza kukupenda, ahadi zikarudi, kwaya zikaungana, na taarifa ikabaki kabatini. Nadhani, Baba, na unisamehe nikisema kama binti yako, kwamba taarifa ilianza kuwa nzito siku ulipoanza kuona kwamba inawezekana ukabaki. Mchungaji anayeondoka anaweza kuwaambia watu ukweli unaouma, na wakikasirika watakasirika naye, kisha ataondoka na hasira ile itaondoka naye. Mchungaji anayetaka kubaki lazima apige hesabu ya kila neno. Uwezo wako wote katika usharika ule umetokana na kuondoka kwako. Ukitia saini ya kubaki, umeupoteza siku hiyo hiyo.

Sasa fikiria kumwachia huyo mama. Atafika mgeni, kijana, mwanamke, katika usharika ambao tayari una wazee wasiomtaka, na jambo lake la kwanza liwe kusoma taarifa ya fedha inayowahusu wazee wenyewe. Watasema amekuja kuwadhalilisha. Asipoisoma, siku itakapojulikana kwamba ilikuwepo watasema aliificha. Ukiisoma wewe, hawana la kusema, kwa sababu wewe ndiye uliyewapelekea Meza ya Bwana wagonjwa wao.

Unamjua Tito kuliko mimi, lakini niruhusu nimtaje, kwa sababu kwangu yeye ndiye kaimu wa Agano Jipya. Paulo alimwacha Krete ayatengeneze yaliyopunguka na kuweka wazee katika kila mji. Wengi wetu tunaishia hapo, kwenye sura ya kwanza. Mwishoni mwa waraka huo huo, sura ya 3 mstari wa 12, Paulo anamwambia kwamba atakapomtuma Artema au Tikiko, Tito ajitahidi kumfuata Nikopoli. Tito hakuambiwa hata ni yupi kati ya hao wawili atakayekuja kushika nafasi. Alitakiwa kuwaandaa Wakrete wampokee yeyote. Na tunaposoma Waraka wa Pili kwa Timotheo, Tito ameshakwenda Dalmatia. Kazi nyingine, watu wengine.

Kuna na Korintho. Wakorintho walikuwa wamekosana na Paulo, na kulikuwa na michango ya fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Aliyetumwa kwenda kupatanisha ni Tito, na ni yeye pia aliyetumwa kushughulikia ile michango, tena hakutumwa peke yake. Sura ya 8 ya Wakorintho wa Pili inaeleza sababu: wasije wakalaumiwa juu ya fedha, mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Upatanisho na hesabu vilikuwa mikononi mwa mtu yule yule, katika safari zile zile. Kwa hiyo usiogope kwamba kusoma hesabu kutabomoa amani uliyoijenga. Amani iliyopo sasa imejengwa juu ya upendo wao kwako, na hilo ni jambo jema, lakini wewe unaondoka. Inatakiwa ipate kitu kingine cha kusimamia.

Namna ya kuisoma ndiyo yenye maana kubwa. Usiisome kwenye matangazo ya Jumapili, katikati ya tangazo la ndoa na la kikao cha vijana, watu wakabaki kunong'ona njia nzima ya kwenda nyumbani. Kabla ya yote mwite mhazini, kisha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kila mmoja kwa wakati wake, umwoneshe taarifa aisome yote mbele yako. Mtu akisikia jambo lake kwa mara ya kwanza mbele ya kadamnasi, atajitetea mpaka aseme uongo ambao hakuja nao. Huyo mchungaji aliyehamishwa naye apigiwe simu aambiwe, na aulizwe kama ana maelezo. Hayupo kujisemea, na wakati wote huo ametajwa kwa ubaya katika kila jumuiya. Kama mkaguzi hakuona wizi, watu wana haki ya kusikia kwamba hakuna aliyeiba, na yeye ana haki hiyo kuliko wote.

Kisha peleka jambo kwenye Baraza la Wazee, Mkuu wa Jimbo akiwepo au mtu aliyemtuma. Baraza liamue lenyewe, kwa muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kwamba matumizi yale yalifanyika bila idhini na kwamba tangu sasa fedha ya mabati haitaguswa kwa jambo jingine bila kikao. Baada ya hapo itisha mkutano wa usharika, na hapo tarakimu ziandikwe ubaoni, kubwa, kila mtu aone: zilizoingia, zilizolipa deni la msingi, zilizolipa ukuta, zisizo na risiti. Yule bibi aliyeleta jogoo wake ana haki ya kujua jogoo wake yuko ukutani. Nina imani kubwa na waumini wetu katika jambo hili. Watu wanaotoa sadaka kwenye umaskini wao husamehe haraka wakiambiwa ukweli na kuoneshwa.

Sasa ile barua yenye saini. Wanasubiri utamke neno, na kila siku unayokaa kimya wanausoma ukimya wako kwamba unakubali. Mrudishie katibu mkononi, mbele ya Baraza. Washukuru kwa upendo, waambie kwamba hutabaki, na uwape tarehe mliyokubaliana na Mkuu wa Jimbo. Bila tarehe, "nitaondoka" yako haitasikika.

Na juu ya mchungaji mwanamke, hapo naomba usiseme kwa upole kupita kiasi. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliruhusu wanawake kubarikiwa uchungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni zaidi ya miaka 30. Kuna mabinti waliozaliwa baada ya uamuzi ule ambao leo wanafundisha theolojia. Wale wazee wawili watatu hawana hoja ya kupeleka kwa Askofu, kwa hiyo wanatumia jina lako kama ukuta. Ukiwajibu faraghani tu, watatoka pale na kusema, "Mzee mwenyewe hapendi, ila hawezi kusema." Sema hadharani, ukiwa umevaa joho lako, kwamba mchungaji anayekuja ametumwa na Kanisa lile lile lililokutuma wewe, na kwamba wewe mwenyewe utapokea Meza ya Bwana mkononi mwake. Juu ya mazishi ya mzee wa ukoo, waambie tu kwamba ukifa wewe, ungependa yeye ndiye akuzike. Sentensi hiyo moja itafanya kazi ambayo semina nzima isingeifanya. Ila useme kama kweli unaiamini.

Huko kwenu mlimani kuna historia ambayo ningependa uwakumbushe. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa kwa kuwa walikuwa Wajerumani. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu Wachaga, watu ambao hawakuwa wachungaji, na wao ndio waliofundisha, waliozika na kuzuia kundi lisitawanyike. Baadaye wakaja Walutheri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, kusaidia kushika nafasi. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Waamerika wangeweza kung'ang'ania, maana kazi ilikuwa kubwa na watu wameshawazoea. Wao waliirudisha kazi, wakatafuta mahali pengine, na mwaka 1926 wakaanza kazi Iramba, huko Singida. Makanisa saba yalipoungana Juni 1963 na kuwa KKKT, kanisa la Tanganyika ya Kati lililotokana na kazi ile lilikuwa mojawapo. Sijui kama waliona hayo yote mbele wakati wanafungasha mizigo yao. Nadhani walifungasha tu kwa sababu kazi waliyoombwa ilikuwa imekwisha.

Wenzetu wengine wameliandikia sheria jambo hili. Katika kanisa kubwa la Wapresbiteri wa Marekani, mchungaji aliyeshika usharika kwa muda hawezi kwa kawaida kuwa ndiye mchungaji wa kudumu anayefuata, na ili aruhusiwe kwa namna ya pekee lazima robo tatu ya kura za presbiteri, yaani baraza la sharika za eneo hilo, ziwe za ndiyo. Hawakuweka kiwango kikubwa namna hiyo kwa kuwachukia makaimu. Huko huko Marekani, tangu miaka ya 1970, padri wa Kianglikana aitwaye Loren Mead na taasisi ya Alban walichunguza kwa makini kipindi hiki cha katikati, wakaona kwamba usharika unaotoka kwa mchungaji mmoja kwenda kwa mwingine una kazi zake: kupatana na yaliyopita, kujitambua upya, kuwapa nafasi viongozi wapya, kuurudisha uhusiano wake na kanisa pana, na kumkubali anayekuja. Nikiangalia barua yako, nyingi umeshazigusa. Mbili bado: ya kwanza, ambayo iko kabatini, na ya mwisho.

Kuhusu hiyo ya mwisho, nina swali. Nyumba ya mchungaji ikoje? Wewe unaishi kwako, kwa hiyo nyumba ya usharika imekaa bila mtu zaidi ya mwaka. Nimeona nyumba za namna hiyo: sebuleni mifuko ya saruji ya ujenzi, jikoni viti vilivyovunjika vya kanisa, bomba halitoi maji, paa linavuja juu ya chumba cha watoto. Mchungaji mpya akifikia katika nyumba kama hiyo, anakuwa ameambiwa anavyopokelewa kabla hata hajasalimiwa. Itengenezeni sasa. Na kazi hiyo wape wale wale wawili waliopigania jogoo, waisimamie pamoja: mmoja anunue, mwingine apokee na kuhakiki. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mara nyingi watu waliogombana hupatana vizuri zaidi wakiwa wanamtengenezea mtu wa tatu kitanda.

Makabidhiano yenyewe usiyafanye ya mikono mitupu. Rejista za ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo ziwe zimejazwa mpaka siku ile. Muhuri, funguo, vyombo vya Meza ya Bwana, hati ya kiwanja, vitabu vya risiti, vyote viandikwe na kusainiwa pande zote mbili. Watia saini wa benki wabadilishwe mapema, msingoje mpaka siku ya kulipa mafundi. Muhimu kuliko hayo, mpe majina ya watu: nani mgonjwa wa muda mrefu, nani amefiwa karibuni, ni wachumba gani wako kwenye mafundisho ya ndoa, ni mtoto gani wa kipaimara asiyejua kusoma na anaona aibu kusema. Tembea naye kwa wagonjwa, siku mbili tatu kabla hajaingizwa kazini, na ukifika mlangoni mwache yeye aombe. Lakini usimpe orodha ya wabaya. Atawajua mwenyewe, na wengine kwake watakuwa wema.

Umeuliza utasali wapi. Mimi nimekulia kwenye nyumba za sharika, baba yangu alikuwa mchungaji, na alistaafia katika eneo alilowahi kuhudumu, kama wewe. Mwaka wa kwanza alisali usharika wa jirani, akitembea kila Jumapili kwa mguu kupita mbele ya kanisa lake la zamani. Watu walijiuliza amemkasirikia nani. Alikuwa hajamkasirikia mtu. Walipokuja nyumbani kumwomba abatize au azike, aliwakaribisha, akawapa chai, akasikiliza habari zote za marehemu, halafu akavaa koti akawasindikiza mpaka kwa mchungaji wao. Hakuwaambia "nendeni", aliwapeleka mwenyewe. Mara nyingi yule mchungaji alimwomba asome somo au atoe neno la faraja, na akafanya hilo tu, akakaa. Baada ya mwaka alirudi kusali pale na hakukuwa na neno.

Fanya hivyo. Mwaka mmoja usharika wa jirani, na uitangaze sababu mapema ili isitafsiriwe vibaya. Msiba utatokea, tena mapema kuliko unavyodhani, nao watagonga. Nenda ukalie nao, wewe ni jirani na ni mzee wao, hakuna anayekukataza kufariji. Ibada na kaburi ni vya mchungaji wao. Akikuomba usaidie, akuombe yeye mwenyewe, usiombwe na familia ikimzunguka.

Nimeliacha la simu mwishoni kwa sababu ndilo lililonigusa. Kupenda kuitwa si dhambi, Baba. Umejengwa na wito huo tangu ujana, na ukimya uliousikia baada ya kustaafu wachungaji wengi wanaujua, ila wachache wanausema. Kama nguvu bado unazo, mwambie Mkuu wa Jimbo hivyo. Zipo hospitali zinazohitaji mchungaji wa kukaa na wagonjwa siku mbili kwa wiki. Wapo watheolojia vijana wanaosubiri kubarikiwa ambao hawajawahi kukaa na mtu aliyezika watu wengi. Huenda ukaitwa tena kukaimu usharika mwingine wenye shida, mbali kidogo, na utakwenda ukiwa na sifa ya mtu anayejua kuondoka. Lakini uombe kwanza mapumziko ya kweli, msimu mmoja wa kahawa angalau, tangu kupalilia hadi kuchuma.

Maana kuna mtu hakusaini ile barua, naye ana haki kuliko wote waliosaini. Kabla hujakaa na Mkuu wa Jimbo kupanga tarehe ya kukabidhi, kaa na Mama. Muulize yeye angependa iwe lini, na akitaja mwezi, uende na mwezi huo kwa Mkuu wa Jimbo kama ombi lenu wawili. Asije akaisikia tarehe hiyo kwa mara ya kwanza kwenye matangazo, akiwa amekaa benchi la tatu na wanawake wenzake. Na utakapokuwa unazungumza naye, zima simu.

Dada Mshauri